Forester SH5: fundi aliniambia ina cheni

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa imeshapita miezi kadhaa. Kama unataka kujua Forester inakula mafuta kiasi gani au buti lake linabeba mizigo mingapi, tafuta kwingine. Mimi nina jambo moja tu la kusema kuhusu gari hili, nalo ni mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni za injini ziende kwa zamu.

Gari langu ni Subaru Forester ya lile umbo lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007, wenyewe wanaliita SH. Ukizipanga kumi barabarani si rahisi kuzitofautisha. Lakini mwaka 2010, umbo likiwa katikati ya maisha yake, kwenye zile za lita mbili zisizo na turbo Subaru waliitoa injini ya EJ20 wakaweka FB20. Taa zilezile, milango ileile, lita mbili zilezile, halafu ndani ya boneti kuna kitu kingine kabisa. EJ ni ukoo wa injini wa tangu 1989. Linalokuhusu wewe mwenye gari ni kwamba EJ inazungusha kamshafti zake, vile vyuma vinavyofungua na kufunga valvu, kwa mkanda wa mpira, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na FB inazungusha kwa cheni ya chuma.

Yangu ni EJ. Nilimiliki gari hili zaidi ya miaka miwili bila kulijua hilo, na sikukosa kuuliza. Niliuliza mara mbili!

Mara ya kwanza dashibodi ilikuwa inakaribia laki moja. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa amenigusia habari ya mkanda, nikaenda gereji niliyokuwa naiamini hapa Dar, nikamwambia fundi: naomba uangalie taimingi. Hakufungua hata boneti. Akanijibu mbele ya vijana wake, "Dada, mkanda wa nini? Hizi za umbo jipya zote ni cheni. Cheni haibadilishwi. Wewe weka mafuta uendeshe, ya injini tuachie sisi." Vijana wakacheka. Nikalipa hela ya sevisi nikaondoka. Mara ya pili, kama miezi minane baadaye, nilimwuliza tena kwa sababu roho haikutulia. Safari hii hakucheka. Akasema, "Dada, unataka kunifundisha kazi?"

Lile swali ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Nilikuwa nampeleka mama Iringa. Alikuwa amekuja Dar kutibiwa goti, anarudi nyumbani, amelala kiti cha nyuma amenyoosha mguu, mto chini ya goti. Tumevuka Morogoro vizuri, tumeingia hifadhi ya Mikumi jua linashuka. Wanaopita njia ile wanaijua: barabara kuu inakatiza mbugani kilomita 50 hivi, huruhusiwi kukimbia, huruhusiwi kusimama ovyo, na jioni twiga na tembo wanavuka wanavyotaka. Humo ndani ndimo injini ilipozimika. Haikutoa mlio wa kutisha wala moshi. Ilizimika kama taa umeme unapokatika, taa zote za dashibodi zikawaka, gari likateleza lenyewe mpaka ukingoni. Nilipozungusha ufunguo, stata ilizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama cherehani inayokimbia bila kitambaa. Mama akaniuliza, "Kuna nini mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Aliyetusaidia ni dereva wa semitrela aliyekuwa anakwenda Tunduma. Nimwombee dua maisha yake yote. Alimpa mama shikamoo kwanza, akavunja matawi akayapanga barabarani nyuma yetu ili wanaokuja wapunguze mwendo, ndipo akaniambia nijaribu kuwasha. Alisikiliza sekunde mbili. "Basi, usiwashe tena. Mkanda umekwenda."

Nikamwambia, kwa uhakika kabisa, hii haina mkanda kaka, ina cheni, fundi wangu kaniambia. Hakubishana na mimi. Alifungua boneti, akamulika kwa tochi ya simu mbele ya injini, akagonga kwa ukucha. Kava za plastiki nyeusi. "Cheni inaogelea kwenye oili, dada. Hawawezi kuifunika kwa plastiki, ingevuja yote. Ukiona plastiki hapa mbele, ndani kuna mkanda." Nusu dakika. Dereva wa lori, gizani, porini, kwa tochi ya simu, alijua kitu ambacho mtu mwenye gereji na kibao barabarani hakutaka kuinama kukiangalia.

Mama alipanda Noah ya watu wema mpaka Mikumi mjini, mimi nikabaki na yule dereva hadi brekdauni ilipofika. Aliniambia hata kama angekuwa na kamba asingethubutu kulivuta, gari lenye gia za otomatiki na linalosukuma magurudumu yote manne haliburuzwi.

Fundi wa Morogoro alizifungua zile kava mbele ya macho yangu. Puli moja, kati ya vile vigurudumu vinavyouongoza mkanda, ilikuwa imekauka, ikakwama, mkanda ukasuguana nayo mpaka ukakatika. Mkanda ukikatika kwenye injini hii kamshafti zinasimama lakini pistoni zinaendelea kuja, zinazikuta valvu ziko wazi. Valvu 11 kati ya 16 zilikuwa zimepinda. Na kwa vile pistoni za Subaru zimelala ubavuni, hedi, zile sehemu zinazobeba valvu, ziko mbili, moja kila upande, basi injini nzima ikashushwa chini. Nimelipa milioni mbili na ushee kwa kitu ambacho kingezuilika kwa seti ya mkanda, puli na pampu ya maji, kazi ya mchana mmoja.

Halafu yule fundi wa Morogoro akaniambia neno lililonimaliza. Akaniuliza, kule kwako filta ya oili walikuwa wanaitoa wapi, juu au chini? Nikamwambia chini, kijana alikuwa analala uvunguni. Akatikisa kichwa. Kwenye FB filta imewekwa juu, ukifungua boneti unaiona, unaifungua umesimama. Kwenye EJ iko chini. Kwa hiyo kila sevisi, na nilifanya zaidi ya nne pale, watu wa gereji ile walikuwa wanaigusa injini ya mkanda kwa mikono yao huku mkubwa wao ananiambia ni cheni.

Kwa wiki nyingi nilikuwa nawaambia watu wasinunue SH ya kabla ya 2010. Tafuteni ya cheni, nikawa nasema, na kuijua ni rahisi: soma namba ya chesisi kwenye kadi. Ikianza na SH5 ni EJ, ni mkanda. Ikianza na SHJ ni FB, ni cheni. Herufi moja! Wauzaji wa yadi wangeweza kuwaambia wateja kwa sentensi moja.

Ila haki nayo isemwe. Nimeanza kuwasikiliza wenye cheni, na kumbe nao hawalali. Kule Marekani wenye FB za mwanzo walifika mpaka mahakamani wakilalamika injini zinakula oili, na shauri likaisha kwa kampuni kukubali kuwaongezea muda wa dhamana. Na cheni inaishi kwa oili hiyohiyo, ikipungua nayo inaumia. Mkanda walau una kilomita zake zinazojulikana. Ukiuheshimu, hii EJ ni injini ya raha. Tangu nimeirudisha barabarani inavuta kwa ule mngurumo wake wa chini, imepanda mlima Kitonga na watu wanne na mizigo bila kulalamika, na mimi nilikuwa natabasamu peke yangu nyuma ya usukani. Kwa hiyo ushauri wangu wa mwanzo naufuta. SH5 inunue, ila mkanda uubadilishe siku ileile unayoitoa yadi, usiamini kilomita za dashibodi wala mdomo wa mtu.

Au labda nisiufute wote. Maana nilirudi kwa yule fundi wa Dar na mkanda uliokatika ndani ya mfuko wa plastiki, nikauweka juu ya meza yake. Sikutaka hela, nilitaka aseme samahani. Aliutazama, akasema, "Forester ni Forester tu dada, nani angejua?" Akaendelea kuongea na mteja mwingine, mama mmoja aliyekuwa na Forester ya rangi ya fedha, umbo lile lile la kwangu. Nikamwomba yule mama anioneshe kadi yake ya gari. Fundi akanikaripia niache kumsumbulia wateja. Mama yule akanipa kadi.

SH5.

Nilimwonesha herufi, nikamwonesha mkanda, nikamgongea zile plastiki kwa ukucha kama nilivyooneshwa mbugani. Aliwasha gari lake tukaondoka pamoja, yeye mbele mimi nyuma, mpaka kwa fundi mwingine Ilala. Alipozifungua kava, mkanda wa yule mama ulikuwa umeshaanza kuchanika pembeni.