Shotcut kwa kufundishia wanafunzi video za maisha yao: uzoefu wangu

Nimeitumia Shotcut, programu ya kompyuta ya kuhariri video, darasani na wanafunzi wanaotengeneza video fupi za maisha yao wenyewe, kwa kazi hii naipa nyota nne. Ni ya bure kweli kweli, haigongi nembo yake juu ya video ya mtu, ukishaipakua haidai akaunti wala intaneti, na inakubali Windows, Mac na Linux. Hilo la intaneti kwangu ni kubwa sana, maana hizi ni picha za familia za watu, sitaki zipande kwenye seva za mbali ndo ziweze kukatwa.

Ila kilichonikamata zaidi ni sauti. Mi nafuata njia ya wale StoryCenter wa California, shirika la kufundisha watu kusimulia maisha yao kwa video fupi, walioanza kwenye miaka ya 1990, mwanafunzi anaandika skripti fupi, maneno 250 hivi, anairekodi kwa sauti yake mwenyewe, picha zinakuja baadae. Sasa kwenye taimlaini, ule mstari wa chini unapopanga picha na sauti, anaona mawimbi ya sauti yake, anaona pale alipovuta pumzi, na hapo hapo ndo anabadilisha picha. Ukiwaachia waanze na picha wanajaza makopakopa na mziki afu stori haipo! Kuna binti alitaka aeleze maisha yake yote toka chekechea, nikamwambia chagua siku moja tu, akachagua siku aliyohamia kwa bibi yake, picha alikuwa nazo chache mno basi tukatumia filta ya ukubwa na mkao, picha ikawa inasogea taratibu toka mlangoni mpaka usoni kwa bibi, yani ilitosha kabisa.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu haina toleo la simu, na wengi wanapiga picha kwa simu so lazima mhamishe. Afu faili la mradi halibebi picha ndani, linakumbuka tu zilipo, kwahiyo kila mmoja afungue folda moja na atie kila kitu humo kabla hajaanza. Kompyuta ikiwa nzito shusha ubora wa kuangalizia uwe 360p, video ya mwisho haiguswi.

Na jamani ruhusa. Mama au rafiki akionekana aulizwe kwanza, na mwanafunzi mwenyewe ndo aamue nani aione, akisema iishie darasani basi isitoke.