Tuliswagwa kama mbuzi mbele ya mayungiyungi ya Monet

Hasira hii ninayo tangu msimu wa baridi na bado haijapoa. Kampuni iliyotutembeza Paris kwa basi siitaji jina, ila kiongozi wetu wa siku ile akisoma hapa atajijua.

Makumbusho ya Orangerie yana vyumba viwili vya umbo la yai, na ukutani mwa kila kimoja kuna michoro minne mikubwa ya mchoraji Mfaransa Claude Monet: mayungiyungi yanaelea kwenye bwawa la nyumbani kwake, Giverny. Ukisimama katikati, maji yamekuzunguka. Nilisogelea ua moja, nikakuta si ua, ni mabaka mazito ya rangi yaliyopakwa harakaharaka. Nikarudi nyuma, likachanua! Mwanga wa jua unashuka kutoka darini, na wingu lilipopita nje, bwawa zima likabadilika rangi.

Hapo ndipo kiongozi wetu alipopiga makofi. Ndani ya makumbusho! "Haya, haya, basi linasubiri." Chumba cha pili, chenye mierebi, hatujakitia hata mguu. Nikamwomba kwa adabu: kaka, tupe dakika chache tu. Akajibu bila hata kunitazama: "Mama, ni maua tu. Yote yamo kwenye simu yako."

Maua tu? Siku moja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimama, Novemba 1918, mzee Monet aliandika barua kuahidi michoro kwa taifa lake. Akaugua mtoto wa jicho, akapasuliwa mwaka 1923, akarudi kushika brashi. Alifariki 1926, na vyumba vile vikafunguliwa 1927. Hakuwahi kumwona mtu hata mmoja akikaa mle. Sisi tuliofika, tukafukuzwa, na mabenchi yako palepale katikati!

Nilitaka kuwapa nyota tatu, kwa sababu dereva alikuwa mstaarabu na basi lilikuwa safi. Ziwe mbili. Hapana, moja, maana nilipodai nirudishiwe fedha waliniandikia kwamba makumbusho "yalikuwemo kwenye ratiba".

Michoro yenyewe sina nyota za kuitosha. Nendeni, ila nendeni wenyewe, asubuhi, siku yoyote isipokuwa Jumanne maana wanafunga. Na mkianza na chumba cha pili, mtakuwa mmenilipia deni langu.