TAHADHARI: Sili za shafti "za Viton" zinazopitishwa chelezoni Mwanza ni feki, kaangalieni matenki yenu ya oili ya shafti leo

Wadau wa majini, machifu, mafundi wa chelezo (pale meli zinapopandishwa kutengenezwa), na ninyi wenye meli za mizigo za Ukerewe na Ukara: tumepigwa. Tumeuziwa sili feki, zile pete za mpira zinazozuia oili ya shafti ya propela isitoke na maji yasiingie, kwa jina la Viton, mpira wa sintetiki unaostahimili joto na oili. Tumeingizwa mjini mchana kweupe, watu wazima tunaojua sili ni nini, na mtu wa bajaji mwenye kiberiti cha gesi. Jina silitaji. Mnaomjua mnamjua, na asiyemjua atamtambua kwa hicho kiberiti.

Kazi yenyewe mnaijua: meli yetu ilikuwa chelezoni kubadilishiwa sili. Shafti ya milimita 160, haikuvutwa, propela iko palepale. Kwa hiyo zilitakiwa pete za kukatwa, zikaunganishwe kwa moto juu ya laina (bomba la chuma lililovikwa shafti, ambalo midomo ya sili hulikalia): tatu za nyuma, mbili zikitazama maji na moja ikitazama oili, kisha mbili za mbele upande wa injini.

Akafika. Akachomoa kipande cha pete ya kahawia kutoka mfuko wa shati, akakibana kwa koleo, akawasha kiberiti chini yake. Moto ukakilamba, akaondoa kiberiti, ukafa papo hapo. Halafu akachukua kipande cha mpira wa baiskeli, akakiwasha. Hicho kikaendelea kuwaka chenyewe, moshi mweusi tii, kinadondosha matone ya moto kwenye saruji. "Mnaona wakuu? Viton haishikilii moto. Mpira wa kawaida unashikilia." Na ni kweli! Hapo ndipo alipotunasa, maana alichosema ni kweli tupu. Kile kipande cha mfukoni kilikuwa Viton halisi. Zilizokuwa kwenye pakiti hazikuwa.

(Na msiige mchezo huo. Viton ikiungua hutoa floridi ya hidrojeni, gesi inayokula mapafu na ngozi. Watu sita tuliinama juu ya ule moshi kama tunanusa pilau.)

Pakiti zilikuwa za nailoni iliyonyonywa hewa, na stika inayong'aa. "Mkifungua kabla ya siku ya kufunga, dhamana imekufa." Hakuna aliyefungua. Milioni mbili na laki nne zikahesabiwa juu ya boneti, na ndoo ya oili ya lita 20 juu yake.

Mtasema tulikuwa wapi. Sikilizeni kwanza maswali yake. Aliuliza laina imechimbika kiasi gani chini ya mdomo wa sili, na kama tutaweka spesa (pete ya kusogeza sili) ili mdomo ukalie chuma kipya. Aliuliza tenki la juu, la oili ya shafti, liko mita ngapi kutoka usawa wa maji. Akaambiwa tatu, na shafti iko mita 1.8 chini ya maji. Akapiga hesabu kwa mdomo: maji yanasukuma kwa bar 0.18 (bar ni kipimo cha msukumo), oili kwa nguzo ya mita 4.8 inasukuma kama bar 0.41, tofauti ni 0.23, "hapo pazuri, msizidishe sana, mtaibana midomo kwenye laina." Nani asingemwamini mtu wa hivyo? Na chelezo inalipiwa kwa siku, huku sili za kiwandani zikiagizwa nje ni wiki na wiki.

Kijana wake ndiye aliyeunganisha pete. Akajifunika turubai, eti upepo wa ziwa unapoza kibano, kile chombo cha moto cha kuunganishia pete. Pete zote tano zikaisha kwa muda wa chai na chapati mbili. Hapa ndipo aibu ilipo, kwa sababu kila fundi anajua kibano cha moto hupandishwa hadi zaidi ya nyuzi 150, kikashikilia joto, kikaachwa kipoe ndipo kifunguliwe, tena kwa kila pete peke yake. Chini ya turubai kulikuwa na gundi ya kubandika viatu. Tulijaribu kwa kujaza tenki na kulala nalo usiku kucha, asubuhi hapakuwa na tone. Bila shaka hapakuwa na tone: shafti ilikuwa imesimama. Gundi inashika kitu kilichotulia. Jaribio la kulaza tenki bila kuzungusha shafti halina maana, izungusheni polepole raundi kadhaa, mkafute laina kwa kitambaa cheupe, mkazungushe tena.

Majini, kwa mizunguko 300 kwa dakika, uso wa laina iliyovikwa shafti ya milimita 160 unapita chini ya mdomo wa sili kwa zaidi ya mita 2.5 kila sekunde. Siku ya kwanza kioo cha tenki kilishuka vidole viwili. Bilji (sakafu ya chini kabisa ya meli) kavu, mabomba makavu. Tenki likishuka na chumba cha injini ni kikavu, oili inatoka nje, haina pengine pa kwenda. Siku ya tatu, nyuma ya meli, maji yalikuwa na rangi za upinde wa mvua, kwenye ziwa hilihili ambalo Mwanza nzima inakunywa. Sili ya mbele ikawa haishikiki kwa mkono.

Nahodha anayeona tenki linashuka akaacha tu, ajue kitakachofuata. Oili ikishuka kwenye bomba hadi kama sentimita 25 juu ya usawa wa maji (kwa kina chetu), msukumo wa pande mbili unalingana. Chini ya hapo maji ndiyo yanayoingia. Oili inageuka rangi ya maziwa, utando unaobeba shafti unakatika, na ile metali nyeupe ya beringi, ambayo huanza kulainika na kuyeyuka kwenye nyuzi mia mbili na ushei, inachubuka na kujipaka kwenye shafti. Mkishafika hapo hamwongelei tena sili, mnaongelea kuvuta shafti na kumimina beringi upya.

Tulipoipandisha, midomo ilikuwa migumu kama ndala ya zamani, ina nyufa, na maungio mawili yameachia. Sisemi ilikuwa nitrili, ule mpira wa kawaida wa sili za oili. Nitrili halali hufanya kazi hiyo miaka. Huu ulikuwa mpira wa ovyo tu.

Mtu huyu asiachwe. Afikishwe polisi, FCC (Tume ya Ushindani, wanaoshughulikia bidhaa feki) wazoe pakiti zake zote na zichomwe (mbali na watu, tafadhali), TBS (Shirika la Viwango) waje, na yule kijana wa turubai aeleze gundi ananunua wapi. Kama abiria mia wangekuwa juu ya meli ile usiku, upepo wa kusi unavuma na beringi imeshika, tungesema nini? Anauza kifo kwenye nailoni. Na ukimpigia sasa hivi anasema ni sisi tuliofunga vibaya!

Ah, dalili. Usipime kwa rangi, Viton ipo ya kahawia, nyeusi, kijani. Pima kwa mizani ya jikoni. Kipande kutoka KWENYE PAKITI, sio mfukoni mwake, kipimwe kikavu, kisha kikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Chetu: gramu 46 kikavu, 11 majini. Viton ya gramu 46 ingebaki na kama 21, kwa kuwa ni nzito karibu mara 1.85 ya maji. Springi ya ndani ya mdomo ilazwe kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, yetu iliamka na kutu. Pakiti haina namba ya toleo wala mwezi wa kutengenezwa. Na oili yake "VG 100" (daraja la uzito wa oili) ilipodondoshwa kwenye karatasi ilichora duara jeusi katikati. Hiyo ni oili ya injini iliyotumika, imechujwa na kutiwa rangi.

Bado ana mzigo, alionekana Kirumba juzi na ndoo mpya. Aliyefungiwa pete na kijana wake, hata kama tenki halijashuka, asiondoke gatini. Sili ya mbele inafunguka ukiwa ndani, meli ikiwa majini, ukishafunga vali ya tenki na kuandaa pampu. Mulika maungio kwa tochi, bonyeza kwa kidole gumba. Yaliyounganishwa vizuri kwa moto hayaonekani kirahisi. Yake yana mstari unaong'aa.