Gari lililopauka: dawa zinazosafisha na zinazofunika tu

Haya, karibuni tena. Hapa mezani nina chupa kadhaa, donge la udongo wa kusafishia rangi na karatasi za msasa. Nyuma yangu kuna gari la zamani lililoachwa juani na mvuani bila mtu kuligusa. Ni jekundu, lakini ukitazama boneti na paa utadhani lilitoka kiwandani likiwa la waridi. Taa za mbele ni za njano, plastiki za bampa zimekuwa za kijivu, na ndani kunanuka uvundo.

Injini hatuigusi leo. Ninachotaka kujua ni dawa zipi hapa zinaondoa uchakavu na zipi zinaufunika tu mpaka mvua ya kwanza. Majina ya kampuni nimeyaziba kwa mkanda, kwa sababu kinachoamua ni aina ya dawa.

Kwa shampuu sina maneno mengi. Yoyote ya magari inafaa, mradi iteleze vizuri. Mtaambiwa sabuni ya vyombo ni mwiko kwa sababu inaondoa nta. Ni kweli, lakini gari hili lina nta gani ya kuondolewa? Mara moja, kabla ya kupiga polishi, haina ubaya. La muhimu ni ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia glavu, la sivyo mchanga ule ule utaurudisha kwenye rangi. Na osha kivulini, bati likiwa limepoa.

Sasa sogeeni karibu. Nimeshaosha na kukausha, na kwa macho boneti ni safi. Navaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, napitisha vidole taratibu. Sikilizeni huo mkwaruzo. Ni chembe za chuma kutoka kwenye breki, utomvu wa miti na uchafu mwingine ulionata, na shampuu haiutoi. Hapa ndipo udongo unapoingia. Lowesha bati kwa maji yenye shampuu, sugua bila kukandamiza, kisha geuza donge uangalie. Mnaona ulivyokuwa mweusi? Ukunje, tafuta upande safi, endelea. Donge likianguka chini, litupe, hata kama ni mpya, kwa sababu mchanga mmoja tu ndani yake utachora gari zima. Kwa maoni yangu, kati ya vitu vyote mezani, huu ndio wenye thamani kubwa kuliko bei yake.

Chupa hii nyingine ni ya kuyeyusha chuma. Ukiinyunyiza inageuka zambarau inapokutana na chembe za chuma, na harufu yake, jamani, ni ya mayai viza. Kwenye rimu inafanya kazi nzuri sana, ila usiiache ikauke. Mwilini mwa gari, kama udongo unao, unaweza kuiruka.

Tufike kwenye kompaundi, maana hii ndiyo inayorudisha rangi. Ndani yake mna chembe ndogo za kusaga zinazoondoa tabaka la juu lililokufa. Kwa hiyo kila ukiipiga, rangi inapungua, na haipungui kwa mfano, inapungua kweli. Tazameni kitambaa baada ya kusugua kidogo: kimekuwa chekundu. Maana yake rangi ya gari hili ni ya tabaka moja, haina kliakoti, yaani rangi angavu ya kinga, juu yake. Rangi za namna hii hupauka vibaya lakini hufufuka vizuri ajabu. Angalieni mpaka huu nilioweka mkanda, kushoto waridi, kulia nyekundu iliyoiva.

Kama kitambaa chako hakichukui rangi, una kliakoti, na hapo punguza mkono. Mara nyingi unene wake ni kati ya mikroni 35 na 50 hivi, na unywele wa kawaida wa mtu unaweza kuwa mnene kuliko hapo. Anza na kompaundi laini kwenye kipande kidogo, ikishindwa ndipo uende kwenye kali zaidi. Kingo na mikunjo ya bati izibe kwa mkanda, kwa sababu hapo ndipo rangi huwa nyembamba na mashine ya kupigia polishi hutoboa haraka. Kuhusu mashine, kwa anayeanza chagua ile inayozunguka huku ikiyumba, haichomi rangi kirahisi. Ile ya kuzunguka tu iachie fundi mwenye mkono.

Na kama kliakoti imeshaanza kubanduka kwa magamba, acha. Hakuna chupa duniani inayoirudisha. Hiyo ni kazi ya mpiga rangi, na anayekuuzia polishi ya kuponya magamba anakuuzia maji.

Juu ya polishi weka kinga. Nina nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mmea wa jamii ya minazi na mitende huko kaskazini-mashariki mwa Brazili, na kinga ya kutengenezwa maabara. Nta inatoa mng'ao mzito unaopendeza hasa kwenye nyekundu, lakini haikai. Gari la kulala nje lipe ya maabara. Mimi ningepaka hiyo bila kufikiri mara mbili.

Taa. Dawa ya meno inasaidia, siwezi kuwadanganya, kwa sababu nayo ina chembe za kusaga. Tatizo linakuja baadaye. Taa hizi ni plastiki ya polikaboneti, na zilitoka kiwandani na utando wa kuzuia mionzi ya jua. Unjano mnaouona ni utando uliokufa na plastiki iliyoungua chini yake. Natumia msasa na maji, namba 800, kisha 1000, 2000, na 3000. Ukifika nusu taa inakuwa nyeupe kama ukungu, usiogope, inarudi kwenye polishi. Kisha lazima upake utando mpya wa kuzuia mionzi. Boksi la kusafishia taa lisilo na hiyo chupa ya mwisho liache dukani, maana unjano utarudi upesi. Na kabla hujaanza, hakikisha ukungu hauko kwa ndani, vinginevyo utasugua mpaka uchoke.

Hii hapa, ya kung'arisha dashibodi na matairi, ni mafuta ya silikoni. Kwenye video inapendeza mno. Ukiendesha gari mchana, dashibodi yote inaakisi kwenye kioo cha mbele. Usiipake kwenye usukani wala pedali, mguu utateleza. Kwa bampa za kijivu tafuta dawa ya kurudisha rangi inayokauka kabisa, ambayo ukipitisha kidole haichafui.

Ya mwisho ni manukato, na sikuyafungua. Uvundo wa gari lililokaa ni maji. Nimeinua zulia upande wa abiria, nikabonyeza sponji iliyo chini, tazameni inavyotiririka. Ukisafisha juu tu, ukungu unaota upya kutoka chini. Toa zulia, likauke kabisa, kisha fungua boneti na uangalie chini ya kioo cha mbele: majani yamejazana yakaziba tundu za kutolea maji. Zizibue, mwaga maji taratibu kwenye kona ya kioo huku mwenzako akimulika ndani kwa tochi. Yakidondokea chini nyuma ya gurudumu, rudisha zulia. Yakitokeza miguuni mwa abiria, bado kuna mpira wa kuziba uliokufa mahali, na huo utafuteni kabla ya kununua dawa yoyote ya viti.