htop kwenye mashine za saiba: nyota nne

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyobaki nitaeleza ilikopotelea.

Ninahudumia mashine za saiba moja hapa Kondele, Kisumu. Ni mashine za kitambo, RAM ya GB 4, zote Ubuntu, pamoja na moja ya pembeni isiyokaliwa na mteja, ambayo ndiyo seva: inatunza mafaili na kupanga foleni ya kuprinti. Mashine za aina hii lazima ujue nani anakula nini, na kazi hiyo naifanya kwa htop, programu ya terminali inayoorodhesha michakato (programu zinazoendelea) na kuonyesha kila mmoja unakula RAM na prosesa kiasi gani.

Haina gharama. Unaandika sudo apt install htop, basi. Iliandikwa na Hisham Muhammad wa Brazil, ikatoka 2004, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2020 inaendelezwa na kundi la wajitoleaji. Takwimu zake inazichota kwenye /proc, folda ambamo Linux huonyesha hali ya michakato, kulekule zinakochota top na ps, zana za zamani za kazi hiyohiyo, kwa hivyo usitarajie ikupe siri ambayo top haina. Unachopata ni wepesi: unapanda na kushuka kwenye orodha, unachagua mchakato, unaumaliza palepale bila kunakili namba yake popote.

Mwezi wa sita ndio ulionifanya niipende. Watu wanakimbizana na ritani za KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) kabla ya tarehe 30, saiba imejaa hadi mlangoni, halafu simu inalia: "Omera, namba tatu imelala tena." Mara nyingi niko mbali, kwa hivyo naingia kupitia simu kwa SSH, njia ya kuamuru mashine ukiwa mbali. Kibodi ya simu haina F5 wala F9, lakini htop inakubali herufi: t inaonyesha michakato kama mti, M kubwa inatanguliza walaji wa RAM, P kubwa inatanguliza walaji wa prosesa, / inatafuta jina, k inaua. Chromium (kivinjari) hugawa kurasa zake katika michakato mingi, na hiyo ndiyo faida yako. Kuna mama alikuwa katikati ya fomu, kumbe mteja aliyemtangulia ameacha kichupo cha video kikicheza. Mchakato wa video ndio uliokuwa ukipandisha prosesa, kwa hivyo kuutambua hakukuwa kazi. Nikauua huo peke yake. Video ikafa, fomu ya mama ikabaki ilivyo.

Ukibonyeza k inakuletea orodha ya ishara, na iliyochaguliwa tayari ni 15, inayoiomba programu ijifunge yenyewe. Namba 9 haiombi mtu. Anza na 15, usiwe na haraka ya 9 kama faili la mteja bado halijahifadhiwa.

Jambo linalowatisha wageni ni kuona programu moja imejirudia mara nyingi, kila mstari na RAM ileile. Hizo ni nyuzi (threads), vipande vya kazi vya mchakato mmoja vinavyotumia RAM ileile. Bonyeza H kubwa zifichike. Pili ni ule mstari wa Mem. Mwenye saiba aliuona umejaa akataka kununua RAM siku hiyohiyo. Kijani ndiyo inayotumiwa na programu. Njano ni akiba ya mafaili, na Linux inaiachilia programu zikihitaji nafasi. Mimi hutazama Swp, yaani nafasi ya diski inayotumiwa RAM ikizidiwa. Ikianza kupanda na kijani imejaa, hapo sasa tuzungumze pesa.

Kwa bando la simu, kumbuka htop hujichora upya kila sekunde moja na nusu. Natumia htop -d 50, inakuwa kila sekunde tano. Na kwenye terminali ya GNOME, F10 hufungua menyu ya dirisha badala ya kukutoa, tumia q.

Sasa ile nyota. Seva yetu ilikuwa na wastani wa mzigo (load average, idadi ya michakato inayofanya kazi au kusubiri zamu) uliopita 8 huku prosesa zimelala kabisa. Linux huhesabu pia michakato inayosubiri diski, ile yenye herufi D kwenye safu ya S (hali ya mchakato), na hiyo hata ishara 9 haiiondoi mpaka diski ijibu. htop ilinionyesha hizo D, vizuri. Lakini kufikia asubuhi zilikuwa zimepotea, na ukiuliza htop jana jioni kulikuwa na nini, haina jibu. Haihifadhi chochote. Ikabidi niweke atop, ambayo huandika hali ya mashine kila dakika 10 ndani ya /var/log/atop. Unafungua kwa atop -r, unasogea mbele kwa t na kurudi nyuma kwa T kubwa. Nikaona kazi ya nakala rudufu, iliyowekwa na fundi wa zamani kwenye cron (kinachoendesha kazi kwa ratiba), inaanza saa kumi na mbili jioni, wakati saiba bado imejaa. Nikaisogeza hadi saa nane usiku, mzigo ukashuka.

Kwa hivyo weka zote mbili. Na kama umeitwa kwenye mashine ya mtu ambaye hataki uweke kitu, top ipo tayari: M kwa RAM, P kwa prosesa, 1 kuziona prosesa mojamoja, k kuua.