Pointa kwa mnunuzi wa Nairobi: tazama rangi ya manyoya kabla ya ukoo

Mvua za masika zikishapita, jumbe ninazopata kutoka kwa wasomaji huwa na sura moja. Mtu kanunua pointa, yaani mbwa wa kuwinda anayesimama akielekeza alipo ndege, karatasi za ukoo anazo, Jumapili mbwa kakimbia vizuri na kula vizuri. Jumatano hataki kuamka. Ufizi umepauka, mkojo una rangi ya strungi, na daktari anapofika babesia imeshaharibu damu. Mwingine anaandika kwamba mbwa wake anatokwa na damu puani. Hapo mara nyingi daktari hupima ehrlichia. Magonjwa yote mawili huletwa na kupe.

Ukiwauliza walichaguaje, watakutajia pua, mwendo, utii, na kama mbwa anaokota ndege majini. Miongozo ya Ulaya nayo imejaa hayo hayo. Swali ambalo kwangu ndilo la kwanza kwa mtu wa Karen, Ngong au Kitengela halimo: kupe akimpanda mbwa huyu, utamwona?

Kwa hiyo pua siizungumzii hapa. Pointa yeyote wa ukoo mzuri ana pua ya kutosha kukuaibisha wewe na bunduki yako.

Jambo la sheria nalipitia haraka kwa sababu kuna wanaojifanya hawajui. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Hata kwa kanga na kware, usitoke na bunduki kabla hujapata jibu la maandishi kutoka KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, pale Lang'ata. Wengi wanaoniandikia huvuka Namanga na kuwinda ndege Tanzania kwa kibali, na mbwa naye hupita na cheti cha afya cha daktari wa serikali na chanjo ya kichaa cha mbwa. Waliobaki wanataka tu mbwa wa kukimbia naye mashambani, na hao mwongozo huu unawahusu vilevile, maana kupe haulizi kama una leseni.

Sasa kupe mwenyewe. Kupe wa kahawia wa mbwa akiwa na njaa ni bapa, mwekundu wa udongo, mrefu wa milimita tatu hivi. Jike akishanyonya huvimba hadi kukaribia sentimita moja na kugeuka kijivu. Akishashiba huanguka, hujipenyeza kwenye ufa wa ukuta au kati ya mbao za kibanda, na hutaga mayai kwa maelfu. Babesia kwa kawaida humwingia mbwa baada ya kupe kung'ang'ania siku mbili tatu. Ehrlichia yaweza kupita ndani ya saa chache. Vidonge vya Bravecto na NexGard vinafanya kazi na mimi ninavitumia, lakini kupe lazima aume kwanza ndipo afe. Ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni haukwepeki, na ndiyo maana rangi na urefu wa manyoya si urembo.

Namba moja, na wala sijifichi: pointa wa Kiingereza, yule mweupe mwenye mabaka ya manjano hafifu au ya kahawia. Mlaze ubavu chini ya taa ya veranda, pitisha kidole gumba kinyume cha manyoya kuanzia mkiani. Manyoya ni mafupi na membamba, ngozi inaonekana hadi chini, na kupe unamwona kabla hujamgusa. Halafu geuza sikio. Kwenye ukingo wake wa nje, chini kidogo, kuna kifuko cha ngozi ambacho wenye mbwa wengi hawajawahi kukifungua. Kifungue kwa kucha. Vikupe vidogo hupenda kujipanga humo. Tenganisha vidole kimoja kimoja, inua mkia, vua ukanda wa shingo uangalie chini yake. Kwa pointa mweupe kazi yote huisha kabla chai haijapoa. Mwenye mbwa wa manyoya marefu bado anahangaika na kwapa la kwanza.

Wanaomponda pointa husema ngozi yake nyembamba huchanwa na miiba ya migunga, na kwamba hukimbia mbali mno. Hayo ni kweli. Ana miguu ya kuimaliza mbuga na kukuacha ukipiga filimbi, kwa hiyo ua wako uwe wa maana na mafunzo yaanze mapema. Husema pia haokoti ndege majini. Wewe unawinda kware kwenye nyasi kavu, maji ya nini?

Namba mbili ni pointa wa Kijerumani wa manyoya mafupi, ambaye ndiye utakayeuziwa Nairobi ukitaka usitake. Ni mbwa wa kazi nyingi: anatafuta, anasimama akielekeza ndege, kisha anamfuata aliyejeruhiwa na kumleta mkononi. Kama si rangi ningemweka juu. Yule wa kahawia mzima humficha kupe mchana kweupe. Mwenye weupe mwingi anafaa, ila kuna mtego: watoto wa mbegu hii huzaliwa na sehemu nyeupe safi, na madoadoa hujaa kadiri wanavyokua. Muuzaji anakuonyesha kitoto cheupe, mwakani una mbwa wa kijivujivu cha madoa usiyeweza kumkagua bila tochi. Usimtazame mtoto. Mtazame mama, na ikiwezekana baba.

Vizsla wa Hungaria na Weimaraner wa Ujerumani nawaweka pamoja kwa sababu wamegawana kosa moja. Vizsla ana rangi ya dhahabu yenye wekundu, ambayo ndiyo rangi ya kupe mwenye njaa. Weimaraner ni wa kijivu, ambayo ndiyo rangi ya kupe aliyeshiba. Ukimfuga mmoja hutawaona wanaofika, ukimfuga mwingine hutawaona wanaoondoka. Kama umeshampenda Vizsla, na watu humpenda kweli kwa sababu anakuganda kutwa nzima, basi mkague kwa vidole wala usiamini macho. Weimaraner ana kifua kirefu, kwa hiyo hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota ipo; usimpe sahani moja kubwa kisha ukamtoa mbio.

Brittany wa Ufaransa ni mdogo kuliko wote hao, sentimita hamsini hivi begani, mweupe na rangi ya chungwa. Angenipendeza sana kama asingekuwa na manyoya marefu nyuma ya miguu na masikioni. Ukikubali kumnyoa sehemu hizo, mchukue, kama utampata.

Setta, mbwa wa kuwinda ndege mwenye manyoya marefu, awe wa Kiingereza, Gordon au wa Ayalandi: hapana. Pointa wa Kijerumani wa manyoya magumu mwenye ndevu: hapana tena. Ndevu zile zina wapangaji.

Nije kwa wauzaji, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mtoto wa wiki nane anauzwa akiwa “amemaliza chanjo zote”. Hajamaliza. Chanjo za parvo na distempa hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi atimize wiki kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida husubiri afikishe miezi mitatu. Nimeletewa na msomaji picha ya kadi yenye vibandiko vyote vimepangwa, tarehe zote zimeandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, na chanjo ya kichaa imewekwa mbwa akiwa na wiki sita. Muhuri wa daktari hakuna, kuna sahihi inayofanana na ya muuzaji kwenye risiti. Ukiona kadi ya namna hiyo, rudi garini.

Halafu bei. Mtu anaishi Ruaka, mbwa kazaliwa Ruaka, analishwa ugali na omena, bei inatajwa kwa dola. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa babu yake alitoka Ujerumani. Vizuri, naomba namba za usajili za wazazi wote wawili, niulize mwenyewe East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo. Hapo mtandao unaanza kukatika. Kuna na wale wa “tuma amana kwa M-Pesa nikuwekee, wateja ni wengi”, kabla hujamwona mama. Usitume hata mia. Mwenye watoto halali hukukaribisha nyumbani, hukuonyesha mama akiwa nao, na hakasiriki ukichungulia kibanda. Na ukichungulia, usiwatazame watoto kwanza. Tazama nyufa za ukuta kwa tochi ya simu. Ukiona kupe wanapanda ukutani, tayari unajua watoto wale wameishi na nini tangu wafumbue macho, hata kama wameoshwa asubuhi na kunukia shampuu.

Ombi moja kwa wenye maduka ya agroveti pia: acheni kumpimia mtu dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda isiyo na maelezo, mkimwambia “changanya tu kidogo”. Mbwa si ndama, na mwenye mbwa akirudi nyumbani hakumbuki kidogo ni kiasi gani.

Wa bei nafuu ni wale wa kando ya barabara, “pointa mchanganyiko”, wanaoshikwa mkononi kwenye foleni. Ukimchukua mmoja kwa huruma, sawa, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Ukimchukua kwa kuwinda, muulize muuzaji mama yuko wapi, halafu angalia taa zikibadilika kijani atakavyotoweka.