Makamanda Wanaokufa Kiajabu: Tathmini ya Mchezo wa Kompyuta wa Mapigano ya Gettysburg

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikicheza mchezo wa kompyuta wa mikakati unaoigiza mapigano ya Gettysburg, yale yaliyopiganwa kwa siku 3, kuanzia tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, katika jimbo la Pennsylvania, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya jeshi la Muungano (Kaskazini) na jeshi la Kusini. Ni mchezo mzuri, na nitausifu panapostahili. Lakini una jambo moja linalowakera wachezaji wengi, nami nikiwa mmoja wao, nalo ni vifo vya makamanda visivyoeleweka. Jenerali amesimama nyuma ya mwinuko, hakuna adui anayemwona, mara alama ya bendera yake inageuka kijivu, ujumbe mfupi unajitokeza pembeni kwamba ameuawa, na ari ya divisheni nzima inaporomoka. Nimeona niielekeze tathmini hii kwenye jambo hilo, kwa sababu nimelichunguza hadi nikapata vyanzo vyake, na kwa sababu anayetaka kuununua mchezo huu anastahili kujua mapema lipi ni kosa la mchezo na lipi ni kosa la mchezaji mwenyewe.

Kwanza ieleweke jinsi uongozi unavyofanya kazi humu. Kila kamanda ana duara lake la amri. Vikosi vilivyomo ndani ya duara hutii upesi na hustahimili mashambulizi, na vilivyo nje yake hukawia kupokea amri na huvunjika mapema. Unaweza pia kumwambatanisha kamanda na kikosi kimoja, naye akaingia katika safu pamoja na askari. Hapo kikosi hupata moyo wa ajabu, lakini jenerali huwa shabaha kama askari mwingine yeyote. Mpangilio huu umebuniwa kwa ustadi, kwa kuwa unakulazimisha kuchagua kati ya usalama wa kiongozi na uimara wa safu, na ndio uliokuwa uchaguzi wa majenerali wenyewe katika vita vile.

Ndiyo maana sehemu ya malalamiko, yakiwemo yangu ya siku za mwanzo, haina msingi. Nilikasirika sana nilipoona makamanda wote 3 wa brigedi za Pickett, jenerali wa Kusini, wakianguka katika shambulio la siku ya tatu, nikadhani kuna hitilafu. Ukweli ni kwamba historia ilikwenda hivyo hivyo: Garnett aliuawa akiwa juu ya farasi, Armistead alijeruhiwa baada ya kuvuka ukuta wa mawe na akafa siku 2 baadaye, na Kemper alipata majeraha mabaya akaangukia mikononi mwa adui. Reynolds, kamanda wa ngazi ya juu kabisa wa jeshi la Muungano aliyekuwapo uwanjani asubuhi ya kwanza, aliuawa kwa risasi alipokuwa akivisukuma vikosi vyake kuingia msituni. Siku ya pili Sickles alipoteza mguu kwa tufe la mzinga, na Vincent alipata jeraha lililomuua akikitetea kilima cha Little Round Top. Katika zama zile kamanda wa brigedi aliongoza kwa kuonekana, na kuonekana kulikuwa na gharama yake. Mchezo ambao makamanda wake wangetoka Gettysburg bila mchubuko ungekuwa unatudanganya.

Vifo vilivyonisumbua ni vya aina nyingine. Cha kwanza kilikuwa cha Meade, mkuu wa jeshi la Muungano, ambaye nilikuwa nimemweka nyuma kabisa ya mwinuko wa Cemetery Ridge, mahali ambapo hakuna askari yeyote wa Kusini angeweza kumwona. Mizinga ya Kusini ilipoanza kupiga alasiri ya siku ya tatu, alikufa. Nikarudia, akafa tena. Mara ya nne niliacha kutoa amri zozote, nikasogeza kamera hadi karibu na farasi wake na kutazama tu. Hapo nikaona tufe moja likipita juu ya safu ya mbele bila kumgusa mtu, likadunda kwenye mteremko wa nyuma, likadunda tena, kisha likapita katikati ya kundi la wapanda farasi wa makao makuu. Kumbe mchezo haulifuti tufe lililokosa shabaha. Unaendelea kulifuatilia hadi liishiwe na nguvu. Nilipomsogeza Meade mita 300 kando, nje ya mstari wa mizinga ile, alipona katika majaribio yote yaliyofuata.

Huo si upungufu hata kidogo, bali ni mojawapo ya mambo bora kabisa katika mchezo huu. Katika mapigano halisi mizinga ya Kusini ilipiga juu mno alasiri ile, na matufe mengi yaliyovuka mwinuko yaliangukia nyuma, hata nyumba ndogo iliyokuwa makao makuu ya Meade ikapigwa na farasi waliofungwa nje wakauawa, naye akalazimika kuhama kwa muda. Watengenezaji wameliingiza jambo hilo kwenye programu, lakini hawakumwambia mchezaji. Anayetaka makamanda wake waishi asiangalie tu kama adui anawaona. Aangalie pia ni mizinga ipi inayoelekezwa kwenye safu iliyo mbele yao.

Aina ya pili ni kosa halisi la mchezo. Nilimwambatanisha Archer, kamanda wa brigedi wa Kusini, na kikosi kimojawapo cha brigedi yake asubuhi ya kwanza, karibu na kijito cha Willoughby Run. Kikosi kilizingirwa, kikasalimu amri, na papo hapo nikaarifiwa kwamba Archer ameuawa, ingawa risasi zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Nilijaribu jambo hilo hilo kwa makamanda wengine 5 wa pande zote mbili na matokeo hayakubadilika: kikosi kikisalimu amri, kamanda aliyeambatanishwa nacho huhesabiwa kuwa amekufa. Sababu ni kwamba mchezo unajua hali mbili tu za kamanda, hai au mfu. Hakuna mateka wala majeruhi. Linaumiza zaidi kwa kuwa Archer wa kweli hakuuawa siku ile. Alitekwa, tena mahali pale pale. Hancock, jenerali wa Muungano, naye alipigwa risasi pajani siku ya tatu, akakataa kuondolewa uwanjani hadi shambulio lilipozimwa, na akapona. Heth, jenerali wa Kusini, alijeruhiwa kichwani siku ya kwanza na akapona. Mchezo unaojali safari ya kila tufe la chuma ungeweza kabisa kumjali mtu aliyejeruhiwa. Hadi masahihisho yatolewe, mtenganishe kamanda na kikosi mara tu unapoona kikosi hicho kinaanza kuzungukwa.

Nilishuku pia kasi ya muda, kwa kuwa wachezaji wengi huamini kwamba kuuharakisha mchezo huongeza vifo. Sikuona tofauti yoyote ya maana, na sitapoteza nafasi hapo.

Fumbo lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa la Longstreet, jenerali wa Kusini aliyeongoza kori, yaani kundi la divisheni kadhaa. Nilikuwa nimeweka nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji, inayopanua orodha ya maofisa wa jeshi la Kusini, na tangu siku hiyo Longstreet hakuwa akimaliza nusu saa uwanjani. Nilimweka kando, nikamweka nyuma ya msitu, nikamweka kwenye kona ya ramani ambako hata sauti ya bunduki haikufika ila kwa mbali. Ikipigwa risasi moja ya kupotea katika eneo lake, ndiye inayempata. Kulikuwa na dalili nyingine ambayo nilichelewa kuizingatia: duara lake la amri lilikuwa dogo mno, halikuzidi upana wa ghala la shamba, ilhali makamanda wadogo kwake walikuwa na maduara yanayofunika brigedi nzima.

Dalili hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye folda ya mchezo. Maofisa wote wameandikwa katika faili moja la maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila ofisa, na taarifa zake zimetenganishwa kwa mkato: jina, cheo, uongozi, ushujaa, hatari. Katika mistari ya awali hatari ni namba ndogo, kati ya 3 na 10. Katika mstari wa Longstreet, aliyeandaa nyongeza alikuwa ameandika cheo kwa ukamilifu, "Luteni Jenerali, Kamanda wa Kori ya 1", na mkato ule mmoja ndani ya cheo ulitosha kuharibu kila kitu. Programu ilidhani cheo kimeishia kwenye mkato, ikasoma maneno "Kamanda wa Kori ya 1" kama kiwango cha uongozi, na kwa kuwa maneno si namba ikaweka sifuri. Uongozi wake ukahamia kwenye safu ya ushujaa. Na ushujaa wake, ambao ni 85, ukaangukia kwenye safu ya hatari. Jemadari aliyesifiwa kwa utulivu wake akawa mtu rahisi kuliko wote kuuawa, kwa sababu ya alama moja ya uandishi. Nilikuta mistari mingine 4 yenye mkato kama huo, na yote ilikuwa ya maofisa ambao nilikuwa nikiwapoteza mapema bila kujua sababu.

Niliondoa mikato hiyo, nikahifadhi faili, nikafungua mchezo niliokuwa nimeuhifadhi, na Longstreet akafa tena. Nusura nikate tamaa. Baadaye nilitambua kwamba mapigano yaliyohifadhiwa hubeba namba za zamani, kwa hiyo marekebisho huonekana pale tu unapoanza mapigano upya. Nilipoanza upya duara lake lilijitandaza hadi nje ya skrini, naye akaishi siku zote 3.

Kinachonisikitisha ni kwamba mchezo wenyewe ulikuwa na majibu yote haya tangu mwanzo. Kila pigano likiisha, kwenye folda hiyo hiyo huandikwa faili la kumbukumbu lenye saa ya kila kifo cha kamanda, silaha iliyomuua na umbali ilikotoka. Kwa Meade iliandikwa mzinga. Kwa Archer sehemu ya silaha iliachwa wazi, ambayo ndiyo alama ya kikosi kilichosalimu amri. Taarifa hiyo ingeletwa kwenye skrini katika ule ujumbe mfupi wa pembeni, ningeokoa wiki 2 za kubahatisha. Nimewaandikia watengenezaji nikiwaomba mambo mawili: ujumbe utaje sababu ya kifo, na ziongezwe hali za mateka na majeruhi.

Kwa anayependa mapigano ya karne ya 19 na yuko tayari kufungua faili la kumbukumbu mara kwa mara, ninaupendekeza mchezo huu bila kusita, na ninaupa nyota 4 kati ya 5. Ushauri wangu ni kuucheza kwanza bila nyongeza yoyote, na kabla ya kuweka nyongeza ya maofisa, kuhesabu mikato katika kila mstari wake: katika toleo ninalotumia inatakiwa iwe 4, isizidi wala isipungue.